Rafiki yangu Mchina amefeli CET-4 mara mbili, nimsaidieje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nasoma shahada ya uzamili mjini Jinhua, mkoa wa Zhejiang. Nina rafiki Mchina, yuko mwaka wa tatu wa uhandisi. Amefanya mtihani wa Kiingereza wa vyuo vikuu, CET-4, mara mbili na hajafikisha alama 425 za kufaulu. Mara ya mwisho alipata 401: kusikiliza 118, kusoma 158, insha na tafsiri 125. Ameniomba nimfundishe, maana anaona naongea Kiingereza bila shida. Jioni tunakutana, tunapiga stori kwa Kiingereza na kuangalia filamu. Ameshajiandikisha tena kwa Desemba. Je, tuko kwenye njia sahihi? Na hizo alama 24 zinazopungua anaweza kuzipata kwa miezi mitatu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na swali lako la mwisho. Ndiyo, alama 24 kwa miezi mitatu zinapatikana, na mtu aliyefika 401 hahitaji muujiza. Ila kwa stori za jioni na filamu sizioni zikija. Karatasi atakayoifanya Desemba haina hata swali moja la kuongea. Mtihani wa kuongea upo, unaitwa CET-SET, lakini ni wa hiari, hufanyika siku nyingine mbele ya kompyuta, na matokeo yake hayaingii kwenye jumla ya alama 710 za karatasi hiyo. Anaweza kupiga soga nawe vizuri mpaka Desemba, kisha akapata 401 ileile.

Kuna jambo ambalo sisi tuliotoka Afrika Mashariki huchelewa kuliona. Kiingereza chako umekipata kwa kukisomea masomo mengine: kuanzia kidato cha kwanza fizikia ilikuwa kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza, hata notisi ulizonakili ubaoni bila kuelewa zilikuwa kwa Kiingereza. Mwenzako amekisoma kama somo lenyewe, mpaka kwenye gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu, ambako Kiingereza hubeba alama 150 sawasawa na hisabati. Sarufi ya kuchambua huenda anaijua kukuzidi. Mwulize kwa nini kitenzi fulani kimekaa vile kilivyokaa, atakupa kanuni na jina lake, wakati wewe utabaki kusema "ndivyo inavyosemwa". Kinachomwangusha ni kasi ya kusikia, uvumilivu kwenye sentensi ndefu, na mazoea ya Kichina yanayopenya anapoandika. Kwa hiyo usianze kumfundisha lugha upya. Kaa naye juu ya pasti pepa, mtafute alama zinadondokea wapi.

Tuitazame hiyo ripoti yake. Kusikiliza ni asilimia 35 ya mtihani, kusoma asilimia 35, insha 15 na tafsiri 15. Kwa jumla ya 710, kusikiliza na kusoma kila kimoja kina kama 248, insha na tafsiri kwa pamoja 213. Rafiki yako ana 118 kwenye kusikiliza, hata nusu hajafika. Kusoma yuko juu kidogo ya asilimia 60, kuandika karibu 60. Jeraha liko masikioni, na hapo ndipo pa kuweka saa nyingi zaidi.

Sasa angalia uzito wa maswali, kwa sababu wengi wanaorudia mtihani huu hawajawahi kuupigia hesabu. Sehemu ya kusikiliza ina maswali 25: taarifa fupi tatu za habari zenye maswali 7, mazungumzo marefu mawili yenye maswali 8, na vifungu vitatu vyenye maswali 10. Kila swali la habari na la mazungumzo ni asilimia moja ya mtihani, yaani kama alama 7. Kila swali la vifungu ni asilimia mbili, kama alama 14. Matokeo yanayotangazwa hupitishwa kwenye ulinganisho wa kitakwimu ili msimu mmoja ulingane na mwingine, kwa hiyo chukua hesabu hii kama dira, usiichukue kama risiti. Lakini dira inatosha kukuonyesha kwamba maswali mawili tu ya vifungu yanafunika pengo lote la alama 24. Nao wanafunzi hufanya kinyume. Habari zinakuja kwanza, zina majina ya watu na miji, zinawatisha, basi wanazifanyia mazoezi mwezi mzima. Vikifika vifungu, swali la 16 hadi la 25, akili imechoka na wanaanza kubahatisha, palepale penye alama nyingi.

Namna ya kuvifanyia kazi ni hii. Chukua pasti pepa halisi, zile ambazo Wachina huziita zhenti, si mitihani ya kuigiza inayotungwa na wachapishaji wa vitabu. Utakazohitaji ni za kuanzia Juni 2016, maana sehemu ya kusikiliza ilibadilishwa wakati huo na muundo wake ndio unaotumika mpaka leo. Mpe kifungu kimoja, asikilize mara moja tu bila kusimamisha, ajibu. Kwenye mtihani sauti haichezwi mara mbili, na swali lenyewe halijaandikwa kwenye karatasi. Kilichoandikwa ni yale majibu manne ya kuchagua. Swali analisikia baada ya kifungu kwisha. Akishajibu, rudini mwanzo, mcheze sentensi moja moja, naye aandike anachosikia. Hapo ndipo wewe unapohitajika.

Kila anapokosea, mwonyeshe maandishi ya sentensi ile na umwulize: neno hili unalijua? Majibu huwa ya aina tatu, na kila aina ina dawa yake. Akisema halijui, ni suala la msamiati, liandikeni kwenye daftari mwendelee. Akisema "kumbe ni neno hili!", basi analijua kwa macho tu. Hapa ndipo Wachina wengi walipo. Wamezoea kuliona neno limesimama peke yake, halafu kwenye sauti linamezwa na majirani zake. Dawa ni kuirudia sentensi hiyohiyo kwa sauti, yeye mwenyewe, akifuata mwendo wa msomaji, mpaka kinywa kizoee. Kinywa kikizoea sikio hufuata. Na akisema alisikia kila neno lakini hakukumbuka kifungu kinazungumzia nini, huyo anatafsiri kila neno kwa Kichina kichwani huku sauti inakimbia. Mzuie asiandike chochote. Mwambie asikilize, kisha akueleze kwa sentensi mbili, hata kwa Kichina, nani alifanya nini na kwa nini.

Jambo moja la kuangalia: usijifanye wewe ndiye sauti ya mtihani. Sauti za CET ni za lafudhi ya Kimarekani na Kiingereza cha Uingereza. Lafudhi yako haina kasoro, ila si hiyo atakayoisikia Desemba. Acha rekodi izungumze, wewe uwe mtu wa kusimamisha na kuuliza.

Mfundishe pia kutumia dakika za maelekezo. Kijitabu cha maswali hakiruhusiwi kufunguliwa wakati wa insha; mada ya insha imechapishwa nyuma yake. Sehemu ya kusikiliza inapoanza, yanasomwa maelekezo ambayo yeye ameyasikia mara nyingi kiasi cha kuyaghani. Muda huo asome majibu ya kuchagua. Akikuta majibu yote manne yanaanza na kitenzi, anajua ataulizwa mtu fulani alifanya au atafanya nini. Akikuta manne yote ni sababu, anasikilizia kwa nini. Na atie kivuli jibu lake kwenye karatasi ya majibu papo hapo. Karatasi ya kwanza ya majibu, yenye insha na kusikiliza, hukusanywa mara tu sauti inapokoma. Aliyejibu kwenye kijitabu akisema "nitahamishia baadaye" hana baadaye.

Kwenye kusoma, tabia inayomponza mtu wa 158 ni kuanza na swali la kwanza kwa kuwa ni la kwanza. Sehemu hiyo hufunguliwa na kifungu chenye mapengo kumi na orodha ya maneno kumi na matano ya kujazia. Yote kumi kwa pamoja ni asilimia tano tu. Watu huzama humo dakika kumi na tano, wakibadilisha neno hili na lile, na kila pengo lina thamani ya kama alama tatu na nusu. Mwisho kabisa kuna vifungu viwili vya ufahamu vyenye maswali matano kila kimoja, na kila swali ni asilimia mbili. Aanze na hivyo. Kisha aende kwenye kifungu kirefu cha katikati, ambapo sentensi kumi zinatakiwa kuoanishwa na aya zilizopewa herufi. Hapo asome zile sentensi kumi kwanza, apigie mstari majina, miaka na tarakimu, ndipo ashuke kwenye aya. Aya moja inaweza kuwa na sentensi mbili, na nyingine isiwe na yoyote, asije akadhani amekosea. Mapengo ayafanye mwisho, kwa kuyagawa yale maneno 15 kwanza: haya majina, haya vitenzi, haya vivumishi. Muda ukimwishia ajaze tu, jibu lisilo sahihi halikatwi alama.

Baada ya karatasi ya kwanza kukusanywa hubaki kama dakika 70 za kusoma na kutafsiri kwa pamoja, na hakuna kengele ya kuzitenganisha. Mimi ningempangia afanye tafsiri mara tu baada ya vile vifungu viwili vya ufahamu, kabla hajachoka, ndipo aende kwenye kifungu kirefu na mapengo, maana sijui ni wangapi nimewaona wakimaliza kusoma dakika kumi kabla ya mwisho halafu tafsiri ikawa ya kukurupuka.

Tafsiri hii inatoka Kichina kwenda Kiingereza. Ni aya moja, herufi za Kichina kati ya 140 na 160, na mada yake ni China yenyewe: utamaduni, historia, uchumi, maisha ya jamii. Desemba 2013, muundo huu ulipoanza, mojawapo ilikuwa chai, nyingine mafundo ya mapambo ya Kichina. Juni 2017 ilikuwa mito: Yangtze, Mto Manjano na Mto Zhu. Desemba mwaka huohuo milima: Tai, Hua na Huangshan. Ziko tatu tatu kwa sababu karatasi huwa na matoleo tofauti. Mada hazirudii sana, lakini familia ya mada ni ileile, kwa hiyo anaweza kujiandalia maneno ya vyakula, sikukuu, usafiri, mito na milima, shule na familia.

Hapa usimkosoe msamiati tu, tazama viungo. Kichina kinaweza kupanga matendo matatu kwa koma bila kurudia mtenda na bila kitenzi cha "ni". Tuseme aya ina sentensi yenye maana hii: mlima huu uko kusini mwa mkoa, mandhari nzuri, kila mwaka huvutia watalii wengi. Atakuandikia: "The mountain located in the south of the province, scenery very beautiful, every year attract many tourist." Maneno yote yapo na maana inaeleweka, ila msahihishaji ameshaona vitenzi viwili vya "is" havipo, "attract" haina mtenda wala "s", na "tourist" iko kwenye umoja. Usimwandikie jibu. Mwambie kwanza akate: sentensi hii ina habari ngapi? Tatu. Ipi inasimama peke yake? Ya kwanza. Zipi mbili zinashikana? Halafu aandike: "The mountain is located in the south of the province. It has beautiful scenery and attracts many tourists every year." Hakuna neno jipya hata moja la maana. Kilichobadilika ni nukta moja, "is", "It has", "and", "s" mbili na mpangilio wa maneno. Akifanya hivi kwa aya moja kila siku mbili, wewe ukisahihisha kwa kupigia mstari tu na yeye akitafuta kosa mwenyewe, mtaona tofauti kabla ya Novemba.

Neno asilolijua alizungukie. Akikosa jina la aina ya mmea au chombo, aseme ni nini na kinatumika kwa kazi gani, kuliko kuacha pengo au kuandika kwa tahajia ya Kichina na kuendelea. Wewe umefanya hivyo maisha yako yote kwa Kiingereza, nadhani bila kujua kwamba ni ujuzi.

Insha ina maneno 120 hadi 180 na dakika 30. Husahihishwa kwa jumla, msahihishaji akiiweka kwenye ngazi: 14, 11, 8, 5 au 2 kati ya 15. Rafiki yako bila shaka ana kiolezo alichokariri kutoka kwenye intaneti, chenye sentensi za kupendeza kuhusu "maendeleo ya kasi ya jamii". Wasahihishaji huzisoma sentensi hizo siku nzima. Mwache abaki na mifupa ya aya tatu, lakini nyama iwe yake: mfano mmoja halisi wa bwenini, maabara, kantini. Na aandike kwa mwandiko unaosomeka, kwani insha huskaniwa na kusahihishwa kwenye skrini.

Msamiati: mtihani unategemea maneno kama 4,500, mengi ameshakutana nayo sekondari. Programu za simu kama Baicizhan na Shanbay ni nzuri kwa kwenye basi, ila asianzie orodha ya alfabeti, watu wengi hawavuki herufi A. Maneno ya kwanza ya kukariri ni yale yaliyomkwamisha kwenye pasti pepa alizofanya mwenyewe.

Kuhusu ratiba, ningewagawia hivi. Mpaka katikati ya Oktoba, vifungu vya kusikiliza karibu kila siku na tafsiri siku mbili kwa wiki. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa Novemba ongezeni ufahamu, kwa kupima muda, mkianza na vile vifungu viwili vya mwisho. Wiki mbili za mwisho afanye karatasi nzima asubuhi ya Jumamosi, kuanzia saa tatu, kwa sababu ndiyo saa ya mtihani wenyewe. Filamu zenu wekeni siku ya kupumzika. Sizikatazi.

Kuna vitu viwili ambavyo havihusu Kiingereza. Wiki za mtihani zikikaribia, kwenye QQ na WeChat, programu za kuchati za Wachina, hutokea watu wanaouza "majibu". Mwambie asiguse. Ndani ya chumba kimoja meza jirani zina matoleo tofauti ya mtihani, ndiyo maana kila kijitabu kina stika yenye msimbo pau ambayo mtahiniwa huibandua na kuibandika kwenye karatasi ya majibu. Hata majibu yangekuwa ya kweli, asingejua ni ya toleo lipi. Na akibainika, kitakachofuata chuoni ni kikubwa kuliko alama 24.

Cha pili kinakuhusu wewe. Kumsaidia rafiki ni kumsaidia rafiki. Lakini akifaulu, wenzake wa bweni watakuja, na watataka kukulipa. Una kibali cha ukaazi cha masomo. Kufundisha kwa malipo bila ruhusa ya chuo na ya idara ya uhamiaji huhesabiwa kuwa kazi haramu, na sheria ya uingiaji na utokaji iliyoanza kutumika mwaka 2013 imeweka faini ya yuani 5,000 hadi 20,000. Nenda kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni uulize utaratibu.

Rafiki yako akishachapisha karatasi ya kuingilia mtihani, aihakiki na kitambulisho chake na kadi ya mwanafunzi. Awe na penseli ya 2B, kalamu nyeusi, na kama chuo chake kinarusha sauti kwa redio ya FM, hedifoni aliyoijaribu kwa mawimbi ya chuo siku ambayo chuo hutangaza majaribio. Betri mpya anunue, na ya akiba aiweke mfukoni.